Kidonda Ambacho Fomu Haikukiona

Jumatatu, 12 Januari
Ukaguzi wa ngozi tena. Visigino, nyonga, mabega, chini ya kiuno. Nabonyeza kwa kidole gumba, naachia, natazama rangi. Naandika: kidonda kipo, au hakipo. Miezi sasa twapima kama kuwageuza wagonjwa kila baada ya saa chache kunazuia vidonda vya kulalia. Hospitali tatu, utafiti mmoja. Wodi yetu ndiyo inayosifiwa kwa vidonda vichache.

Kitanda cha mwisho, Mzee Kazungu. Mwashi. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi kule mtaa wa Buxton, akavunjika nyonga. "Sista, hapa nyuma pawaka moto," aliniambia. Nikamgeuza, nikatazama. Ngozi nyeusi, nzima. Nikaandika hakipo.

Sijaridhika. Sijui kwa nini.

Jumanne, 13 Januari
Nimejua kwa nini.

Nilimpigia simu Sidi, muuguzi anayefanya kazi hii hii katika hospitali ya pili. Nilitaka tu kumwuliza habari za karatasi zilizochelewa. Katika maneno akasema yeye huhesabu hata ngozi ambayo haijapasuka, mradi rangi imebadilika au mgonjwa analalamika. "Kwani wewe huhesabu vipi?" Nikamwambia: mpaka ifunguke.

 Tukasomeana fomu zetu: neno kidonda halikuelezwa popote.

Basi wodi yetu si bora. Imefumba macho tu. Na matokeo yote yanaingia kapu moja.

Jumatano, 14 Januari
Nimemweleza Daktari Athman, mkuu wa utafiti. Amenisikiliza huku akitia saini karatasi nyingine. Fomu zimeshachapishwa, amesema. Ripoti inatoka Ijumaa. "Zuhura, usitufungulie mlango huu sasa."

Baada ya kazi nilipita Biashara Street kumnunulia dada yangu leso ya kujifunga. Niliingia duka la kwanza, la pili, la tatu. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. 

Alhamisi, 15 Januari
Kimefunguka.

Tulipomgeuza Mzee Kazungu asubuhi shuka lilikuwa limelowa. Ngozi imeachia, na chini yake shimo. Nyama haiharibiki hivyo kwa siku moja. Ilikuwa ikifa ndani wakati mimi naandika hakipo.

Mkewe, Mama Dama, alikuwa ameshika beseni la maji. Hakupaza sauti. "Si alikwambia?"

Nilitoka nikasimama chooni. Nimeona haya. Hasira pia, na sikujua ya kumpelekea nani.

Ijumaa, 16 Januari
Nimekataa kutia saini ripoti.

Nilimwekea Daktari mezani fomu yangu na ya Sidi. Neno moja, maana mbili. Akawaka. "Wataka tuaibike mbele ya watu wote?" Nikamjibu kwamba aliyeaibika amelala kitanda cha mwisho, akamwone. Sikuwahi kumjibu hivyo mtu aliyenizidi cheo. 

Akaenda msikitini. Nikasema basi, kazi sina.

Aliporudi hakunipita. Aliingia wodini na kanzu yake ya Ijumaa, akafunua bandeji ya Mzee Kazungu, akatazama sana. Kisha akaenda kwa wagonjwa wengine, mmoja mmoja, akiwawekea kiganja mgongoni kusikiliza joto. Watatu walikuwa na joto mahali ngozi ilipoonekana nzima. Wote watatu niliwaandikia hakipo.

Ripoti haikutoka.

Jumatano, 21 Januari
Mkutano wa hospitali zote tatu. Tangu asubuhi. Mmoja anataka kuhesabu vidonda, mwingine wagonjwa wenye vidonda. Huyu anapima kila siku, yule kila wiki. Kumbe tulikuwa hatujawahi kukubaliana lolote. Nilikuwa siwezi kukaa, nainuka, nakaa.

Niliomba Mama Dama aje. Wengine walinung'unika. Alisimama na leso yake begani: "Ninyi mwapima shimo. Mume wangu ataka kukaa ale mwenyewe, na asisikie harufu yake. Hilo nani alipima?"

 Limeandikwa kwenye fomu mpya. Maumivu, joto, ugumu wa ngozi, rangi, uwezo wa kukaa. Sehemu zile zile za mwili, siku zile zile, wauguzi wawili kila mmoja na karatasi yake bila kuchunguliana. Kazi yetu ya miezi haiwezi kulinganishwa na ya wengine. Twaanza upya. Daktari alitangaza mwenyewe, bila kunitaja. Sijui kama ni kunisitiri au kuninyima sifa. Nimechoka kufikiri.

Jumatatu, 2 Februari
Sidi amekuja kwetu leo kujaribu fomu mpya pamoja nami. Tulianza na Bi Khadija, aliyelazwa jana kwa kiharusi. Mimi nilimkagua kwanza, nikatoka. Akaingia yeye.

Tukalinganisha kando ya dirisha. Kisigino cha kushoto. Ngozi nzima, ya moto, inauma. Kipo. Karatasi zote mbili.

Tulimwekea mto chini ya mguu, kisigino kikaning'inia. Akashusha pumzi, akafumba macho.

Halafu nikaenda kumgeuza Mzee Kazungu. Saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.