Basi la Masasi

Mjukuu wangu Tobias,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sie Temeke tupo, ila kifua cha mama yako bado kinamsumbua.

Umeniuliza kati ya Mtwara kwetu na Kilimanjaro, mkoa upi tajiri. Mie najua hili tu. Enzi za Ujamaa, wakati wa masika, alifariki jirani yetu Mchaga. Ndugu zake wakapata lori, akazikwa kwao migombani. Wiki ileile akafariki babu yako. Nikaenda kuulizia gari la kwetu Masasi, huko Mtwara.

“Mama, Rufiji imefurika,” dereva akaniambia. “Subirini mvua zikatike.”

Maiti haisubiri mvua. Tukamzika hapahapa Temeke, redio ya jirani ikisema sote ni sawa.

Siku hizi kuna lami. Basi la Masasi hupita kila asubuhi kando ya makaburi yale.

Bibi yako, Agnesi