Uduvi wa Chupa ya Tatu

Kaka Yeremia,

Kamwene, nakusalimu. Nakuandikia nikiwa jikoni kwa Mama, kando ya meko, pale pale ulipokuwa ukipanga chupa zako ili baridi ya Njombe isiwaue uduvi, wale kamba wako wadogo wa maji ya chumvi. Usiucheke mwandiko wangu. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Mama yupo bado. Amezeeka, amekuwa mkali, na kila siku analalamika kwamba mboga haina chumvi. Kila akilalamika, naiongeza bila kumtazama usoni. Sijawahi kumwambia mtu sababu.

Mengi yamebadilika tangu tulipokuzika. Mfalme wa Waingereza alifariki, na shuleni kwako ukutani sasa iko picha ya Malkia. Malori ya Makambako yanakuja mara kwa mara. Chumvi ipo dukani, magunia kwa magunia, hakuna anayeipangia foleni. Nikiyaona magunia yale nageuza uso.

Mwezi uliopita tuliezua paa la jiko, na darini tukakuta daftari lako pamoja na kile kikopo ulichokiziba kwa nta ya nyuki. Yale mayai ya uduvi aliyokupa Mzungu mmoja mgeni, makavu makavu kama vumbi la kahawia. Unakumbuka Mjomba Zakaria alidhani ni ugoro, akaomba abane kidogo? Ulicheka mpaka ukakaa chini. Na watu waliposikia unatafuta machicha ya ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ya kuwalishia, wakasema mwalimu wa Kilutheri ameanza kunywa kwa kisingizio cha wadudu.

Kaka, mimi ndimi niliyewaua uduvi wako. Nimeliandika. Sasa ngoja nieleze.

Ilikuwa ile miaka ya vita, chumvi imepotea kabisa. Wewe ulikuwa na ya kwako, uliyogawiwa kwa ajili ya kumwonyesha mkaguzi wa shule uduvi wanataka chumvi kiasi gani. Ulipokwenda Kidugala kwa mkutano wa walimu uliniachia vikaratasi vinne vya chumvi uliyokwisha kuipima. Chupa ya kwanza maji matupu, ya pili kijiko kimoja, ya tatu vitatu, ya nne sita, ya tano mpaka maji yenyewe yagome kuyeyusha. Ukasema, "Eliza, nakuamini wewe kuliko wanafunzi wangu wote."

Na Mama alikuwa kitandani, siku ya tano hajala. Kila nikimpelekea mboga anageuza uso ukutani anasema haina ladha, mwondolee. Nikavifungua vikaratasi. Nilimpikia mboga ya maboga yenye chumvi ya kweli, akala, akaomba tena, na tena kesho yake. Ikaisha yote. Kwenye chupa zako nikatia tunayotumia sisi siku zote tukikosa chumvi, yale maji ya kuchujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage. Nilijiambia chumvi ni chumvi. Mboga inakubali, uduvi watakataaje?

Uliporudi, chupa zote zilikuwa kimya. Ulizinyanyua moja moja dirishani. Kisha ukachovya kidole kwenye chupa ya tatu, ukalamba. Ukaniangalia. Ukamwangalia Mama, ambaye alikuwa amekaa kizingitini anaota jua, anachambua maharage. Ulichukua daftari ukaandika, na mkaguzi alipokuja ulimwambia mwenyewe kwamba ulikosea kipimo. Jina lako likaondolewa kwenye orodha ya wale wa kupelekwa kusoma zaidi. Masika yale yale ukanyeshewa Makambako ukisubiri lori, ukarudi na kichomi. Hukumaliza wiki.

Miaka yote nilijua nimekudanganya. Hilo peke yake lilitosha kuninyima raha.

Basi tulipokikuta kikopo nikazipanga tena chupa tano, safari hii kwa chumvi ya dukani, vijiko vile vile. Mayai mengi yalikuwa yamekufa, lakini si yote. Katika maji matupu walitoka wachache, siku haikuisha wakawa wamekufa. Kwenye kijiko kimoja walitoka wengi, ila wakabaki wadogo na kupungua kila kukicha. Chupa ya tano mayai yalielea tu juu, hakuna aliyetoka. Ya nne wapo wawili watatu, wanakua kwa shida. Ya tatu, kaka! Ya tatu wamekuwa wakubwa, wanaogelea chali kama ulivyosema, na wote wanajazana upande wa dirisha, pale ulipopenda kusimama. Najua wanafuata mwanga. Uliniambia. Lakini nikiwaona wamejipanga hivyo nashindwa kusimama mahali pale. Mchungaji anasema waliokufa katika Bwana wamepumzika. Mimi nasikia kijiko kikigonga chupa, mchana kweupe, na Mama amelala.

Juzi nilichovya kidole kwenye chupa ya tatu nikalamba, kama wewe. Nikalamba mara ya pili. Maana ilikuwa chumvi, chumvi tu. Na ya majivu inauma ulimi, ina uchungu wake, tumeila tangu utoto. Hakuna mtoto wa nyumba hii asiyeitambua.

Ulijua. Tangu ulipolamba ulijua, ukamtazama Mama anavyochambua maharage, ukachagua kunyamaza. Sikukudanganya hata siku moja. Ni wewe uliyenificha kwamba unajua. Kaka, kwa nini hukunigombeza? Ungenipiga hata kofi moja ningekuwa nimelala usingizi miaka hii yote.

Sijui kama ningerudi ningefanya vingine. Mama alikula. Nakwambia ukweli, ningempikia tena. Lakini ningekuambia.

Nimelifungua daftari lako kwenye ule ukurasa wa mwisho, ulipoandika, "Wote wamekufa. Nimekosea kipimo." Sijafuta neno. Chini yake nimeandika matokeo ya chupa zote tano, na nimemalizia hivi: "Kipimo cha Mwalimu Yeremia kilikuwa sahihi. Chumvi aliila Mama, kwa mkono wangu." Nimetia jina langu.

Jumapili, tukitoka kanisani, nitamsomea Mama ukurasa huo, akasirike au alie. Nakuahidi. Kisha daftari nitalipeleka shuleni kwako. Pumzika sasa, kaka yangu, toka hapo dirishani. Uduvi nitawalisha mimi.

Mdogo wako,
Eliza