Baraka Iliyotaja Jina

Nyuma ya duka la Chago,
San Juan de la Maguana.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu, Kasuku wa Kijani,

Mungu akubariki, mwanangu. U hali gani? Watoto wanakula? Kile kikohozi kimepona? Sisi huku wazima, ila goti langu, lile lililomng'oa fahali meno, linauma mvua ikinyesha. Mama yako presha imeshuka.

Nakuita kwa jina lako la kwenye simu maana nimeapa lile la ubatizo halitoki tena kwenye kalamu yangu. Nina hasira, mpwa wangu! Hasira ya kuivisha maharage bila kuni!

Wewe ulifanya akili. Ukasimulia mtandaoni kipigo ulichopigwa na Wascar, yule mumeo wa zamani, wanawake wa kisiwa kizima wakalia nawe, na hakuna aliyejua kasuku ni nani wala kiota kiko wapi. Sasa siku yako ya kuzaliwa, huyu dada yangu Mirope, mama yako mdogo, akaandika baraka yake hapo hapo mtandaoni mbele ya maelfu. Jina lote, ukoo wa baba na ukoo wa mama! Kisha akauliza kama baridi imepungua, na mji akautaja!

Nikamfuata jikoni. "Mirope, umemvua mtoto nguo sokoni!"

"Kaka Tilo, baraka bila jina Mungu ataipeleka kwa nani?"

"Mungu anwani anayo! Aliyekuwa hana ni Wascar!"

Akaifuta baraka yake kwenye simu huku analia. Lakini Alhamisi Wascar akatukuta dukani tunacheza domino.

"Mjomba, mke wangu hajambo?"

"Mke gani, wewe uliyeachwa mahakamani? Yuko Chile, kaolewa na askari mwenye mikono kama migomba!" Nikapiga sita-sita mezani, meza ikapasuka vipande viwili, kuku wa mitaa mitatu wakataga.

Hakushtuka. Akatabasamu tu. "Huko Chile kuna baridi, eti?"

Nikajua ameshaisoma baraka ya Mirope kabla haijafutwa.

Kwa hiyo hama, mwanangu. Barua hii anakuletea binamu yako Nelfi kwa basi lake, usiandike jibu, funga mizigo upande naye. Akushushe kituo kikuu, kisha wewe na watoto mpande gari jingine, hata yeye asilione. Kinachonichoma ni hiki: mpigaji anatembea kifua mbele, aliyepigwa ndiye anahamahama! Haki gani hiyo?

Ila huko mtandaoni usiache kuandika. Tafuta jina jipya, na sisi usituambie. Wala mji usinitajie. Nitakuuliza, nitakubembeleza, nikionja ramu nitadai kwamba mjomba ana haki ya kujua. Ninyime.

Mama yako anakusalimu, na Chago, na Mirope ambaye hali chakula kwa aibu. Wabusu watoto.

Mimi nitakubariki kila asubuhi nikigeukia pande zote nne, kimoyomoyo.

Wako akupendaye kuliko macho yake,
Mjomba