Diski Ilipanda Basi, Wewe Ukabaki

Kaka Jilo,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyekuja matangani alianza na "pole" na "Mungu alimpenda zaidi", nami nikaitikia kwa adabu mpaka taya zikaniuma. Wewe sitakudanganya. Nimekasirika nawe tangu siku tuliyokuzika hapa Kulesa, tukiteka maji kaburini kwa sufuria kabla ya kukushusha, maana mto ulikuwa umepanda hadi kwenye migomba. Mama alisimama kwenye matope na kiatu kimoja. Kingine hatukukiona tena.

Unaikumbuka Jumamosi ile, au homa ilikuwa imeshakuvuruga akili? Mimi naikumbuka yote. Nilikukuta ofisini Garsen, kwenye ile kompyuta ya mradi waliyokuruhusu kuitumia mwisho wa juma. Umejifunika leso ya Mama mabegani, jasho linadondokea vibonye. Nikasema, "Kaka, twende hospitali Malindi. Basi lipo." Ukasema, "Ni homa tu, Habona. Mashindano ya jukwaa yanafunguliwa kesho." Nikasema panda basi wewe mwenyewe, diski uiweke mfukoni. Hukugeuka hata kunitazama. "Mpe kondakta. Twalib ataipokea Mombasa."

Nami nikatii! Mimi mtu mzima, mwalimu wa watoto wa nasari, nilikichukua kile kipande cheusi cha plastiki, nikakifunga kwa karatasi ya nailoni kisilowe, nikakimbia nacho stendi. Nikamsihi kondakta akiweke mbali na jua. Diski ikapata nafasi kwenye basi, wewe ukabaki. Jumatatu ulipoanza kuweweseka, maji yalikuwa yameshakata barabara. Alhamisi ulikata roho ndani ya mtumbwi, kichwa chako mapajani mwangu, tukikuvusha kwenda kutafuta gari ng'ambo.

Na yote kwa ajili ya drafti. Mchezo wa vifuniko vya soda, Jilo.

Najua ungenijibu nini. Ungesema si vifuniko, ni watu. Ndivyo ulivyoniambia ulipoanza, ulipokuja nyumbani na kitabu cha kuazima na daftari lililojaa alama za mabano zenye ncha, ukasema unajenga tovuti, jukwaa la drafti. Garsen hakuna mtandao, nikakwambia. Ukacheka. Mombasa upo, kwa rafiki yako Twalib wa duka la kompyuta uliyesoma naye. Wewe ungeandika kurasa huku, diski iende kwa basi, yeye azipandishe, kisha akurudishie barua na hatua za wachezaji kwa diski hiyo hiyo. Watu wa Unguja, London, Maskati, Waswahili waliotawanyika, wangecheza drafti kwa kuandikiana hatua moja moja. Vijana wa stendi walisema unacheza na majini. Hukujali. Ulikuwa unakuja jikoni, mimi nasonga ugali, unasema, "Bi Zuhura wa Maskati amenila kete mbili, mwanamke mkali yule," kana kwamba anakaa nyumba ya tatu.

Sasa nikwambie yaliyotokea baada yako, kwa sababu huyajui.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Mombasa. Simu zilikuwa zimekufa muda wote ule, Twalib hakuwa na habari. Niliingia dukani, akanitazama usoni akajua mimi ni nani, maana tumefanana. Kabla sijafungua mdomo akaanza kucheka: "Wewe ni dada'ke Jilo! Mwambie kaka'ko amepigwa bila kucheza!" Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Jukwaa lako hilo hapo, Jilo, lenye rangi ya kijani uliyoichagua, na watu wamejaa wanaongea. Na kwenye jedwali, mbele ya jina lako: *Ameshindwa. Hakujibu kwa siku kumi na nne.* Chini yake mtu anayejiita Simba wa London ameandika, "Mwenye jukwaa kakimbia, ameona kichapo kinakuja."

Nilimpiga Twalib kofi. Mbele ya wateja. Kisha nikamwambia.

Aliketi sakafuni, katikati ya nyaya. Alilia kama mtoto, na mimi sikumwonea huruma hata chembe. Nilisimama mbele yake nikamwambia afute, afute sasa hivi. Akasema kwa sauti ndogo, "Sheria ile aliiandika yeye mwenyewe, Habona. Kompyuta inajihesabia siku." Nikaisoma. Kweli ni maneno yako, nimeyatambua, pamoja na ile tabia yako ya kuweka nukta mbili mahali pasipohitaji. Hukumwachia mtu hata nafasi ya kuugua. Wewe, uliyekuwa unaugua ukiiandika!

Nikamwambia Twalib anionyeshe pa kuandika. Niliandika kwa vidole viwili: "Jilo hakukimbia. Jilo amekufa kwa malaria. Mimi ni mdogo wake." Nikakaa pale dukani mpaka yakaja majibu. Simba wa London aliomba radhi mara tatu, na jina lake halisi akaliweka. Wengine waliandika dua, wengine sala. Halafu akaja Bi Zuhura wako. Aliandika kwamba ushindi ule aliopewa dhidi yako haupokei, waufute kwenye jina lake. Kisha akaandika jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Mimi ni muuguzi. Wodi yangu ni ya homa. Ameniandikia kila wiki kwa mwaka mzima, na hakuniambia hata mara moja kwamba anaumwa."

Ulikuwa na muuguzi, Jilo! Kila wiki! Ulimwambia kete ipi unasogeza, na hukumwambia mwili unawaka moto. Ulijenga mahali pa watu kuzungumza, wewe ukanyamaza. Nani anafanya hivyo?

Nilimaliza ule mchezo wako. Bi Zuhura aliomba, sikuweza kukataa. Nilipigwa vibaya, maana ulinifundisha kushambulia tu, kujikinga hukuwahi kunifundisha. Jedwali limeandikwa nimeshindwa mimi, si wewe.

Twalib amenipa neno la siri na kitabu kile cha kuazima. Mkuu wa mradi ameniruhusu kuingia ofisini Jumamosi, nadhani kwa kukuheshimu, au kwa kuogopa uso wangu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifuta sheria yako. Mahali pake nimeandika: mchezaji akinyamaza siku tano, msimamizi amwandikie kumwuliza hali, asiandikwe ameshindwa mpaka ijulikane yuko wapi. Wengine walilalamika kwamba michezo itachelewa. Nikawajibu ichelewe.

Mwezi uliopita fundi mmoja wa Tanga alinyamaza siku sita. Nilimwandikia barua tatu kwenye diski moja, ya tatu ikiwa ya matusi kidogo. Akajibu kwamba alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake, amekula pilau akalala, na kwani mimi ni mkewe? Jukwaa zima lilicheka. Mimi nilizima kompyuta nikatoka nje, kisha nikarudi nikampangia mchezo wake.

Nakuahidi hivi: jukwaa lako halitafungwa mikononi mwangu, na hakuna atakayenyamaza ndani yake bila kuulizwa. Nikiudhi watu, na niwaudhi.

Kaburini kwako sijafika tena tangu mazishi. Mama anakwenda, anang'oa majani. Mimi napita njia ya mbali na mgongo nakugeuzia, na natumaini unaniona. Siku nitakayoweza kukaa nawe bila kukupigia kelele, nitakuja nikae. Kwa sasa kwaheri, kaka yangu mjinga, kaka yangu wa pekee.

Habona