Makosa Mawili Mwilini Mwangu

Jumatatu, 3 Machi

Simu kutoka hospitali, nikiwa juu ya ngazi napaka dari. Nikadhani ni habari za Bosi. Ni mtoto wa kiume wa dada yangu mdogo, ana miaka sita, na jina hilo nilimpa mimi kwa jinsi anavyotutuma wote nyumbani. Tangu mwaka jana anajikwaa pasipo na kitu. Siku hizi hata kijiko kinapotea njia kabla hakijafika mdomoni.

Lakini aliyepiga ni yule mtafiti wa jeni, dada mwembamba aliyetutoa damu familia nzima mwezi wa kumi na mbili. Akauliza kama naweza kufika Jumatano. Nikasema sawa, nitamleta mtoto na mama yake. Akasema hapana — wewe mwenyewe tu.

Kuna nini? Tutazungumza uso kwa uso, ila usiogope. Mtu akishakwambia usiogope, ndipo unapoanza. Nikashuka polepole kabla sijaanguka.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ofisi yake ni ndogo, viti viwili na dirisha linalotazama ukuta. Akanichorea kwenye karatasi. Kwenye damu ya Bosi wamepata kosa moja, kwenye jeni ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisife ovyo. Herufi moja imekaa pasipo pake. Kosa hilo hupita kwa mama, na wanaougua ni watoto wa kiume. Nikamwambia nimeelewa, maana kaka zangu wawili walikwenda hivyohivyo. Mkubwa alifika miaka saba. Aliyemfuata hakufika minane. Mimi nikanusurika kwa kuwa sikulirithi.

Akaweka kalamu chini. "Kaka, umelirithi."

Herufi ileile. Mahali palepale. Wamerudia kupima kwa sababu hata wao hawakuamini.

Nina miaka thelathini na minane. Nabeba ndoo mbili za rangi mpaka ghorofa ya nne bila kupumzika. Nikamwambia hivyo, kama mtu anayejitetea kituo cha polisi. Akacheka, halafu macho yakamlowa. Alisema watoto wote wa kiume wanaojulikana kuwa na kosa hili waliugua. Mwanamume mzima aliyenalo hajawahi kumwona, mpaka leo.

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima natazama mikono yangu. Mwenye baiskeli akanitukana, nikamwomba radhi, nikaendelea kutazama.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi: madarasa mawili ya shule, msasa na koti la kwanza la rangi. Mama sijamwambia. Mdogo wangu sijamwambia. Nimemwambia Nguzo, fundi mwenzangu, kwa sababu mtu lazima umwambie mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu chake. Kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ni marehemu uliyechelewa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu Bosi aanze kuumwa.

Alhamisi, 13 Machi

Wamenikata kipande cha ngozi mkononi, kidogo kama punje ya mchele. Cha Bosi walikwishachukua. Watazikuza seli zetu maabara wazilinganishe.

Wakati dawa ya ganzi inafanya kazi, Mtafiti akanieleza jinsi seli zinavyokufa. Mimi nilidhani seli hufa kama sisi, kwa kuchoka au kuumia. Kumbe zipo zinazokufa kwa amri! Amri ikifika, seli inajikunja, inajikatakata vipande safi, majirani wanameza vipande, na hakuna anayeweza kusema hapa palikuwa na mtu. Wala si ugonjwa. Bila hiyo tusingekuwa watu. Akaniambia nifungue kiganja. Tumboni mwa mama, mkono huu ulianza kama kijiko kipana, hauna vidole. Seli za katikati zikapewa amri, zikaondoka, ndipo vidole vikaachana.

Nimekaa na mkono wangu jioni nzima. Kila nafasi kati ya kidole na kidole, kuna waliokubali kuondoka ili mimi niweze kushika brashi.

Kwa Bosi amri inatolewa ovyo. Seli za ubongo ambazo hazina kosa lolote zinaambiwa ziondoke, nazo zinatii. Kwangu mimi amri ni ileile. Ila hazitii. Kwa nini, ndicho anachokitafuta.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nimejiona.

Walinivalisha koti jeupe, glavu, na kofia ya karatasi. Visahani vitatu, kimoja kimoja chini ya hadubini: cha mtu asiye na kosa, cha Bosi, changu. Seli wamezinyima chakula kidogo ili kila mtu aonyeshe tabia yake. Zilizo hai zinang'aa kijani, zinazokufa nyekundu. Miaka ishirini nachanganya rangi, lakini kijani kile sijawahi kukikoroga.

Kisahani cha Bosi — nyekundu kila ninapoangalia. Mtafiti akanitafutia moja iliyokuwa bado ya kijani, akasema itazame hiyo usiiache. Ikatulia. Kisha pembeni ikaanza kutoa malengelenge, kama rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye maji. Ikasinyaa. Ikageuka. Kimya kabisa.  Nilitaka kuishika kwa mkono.

Halafu changu. Kijani, kijani, kijani. Zimelala ubavu kwa ubavu, zimenyooka, zinasogea taratibu kama watu wanaopishana sokoni wakiwa hawana haraka. Nikamuuliza, hawa ni mimi? Akasema ni wewe. Nikauliza, wanajua? Akasema hilo hakuna anayeweza kumjibu mtu.

Sababu ameipata. Nina kosa la pili, mbali na lile la kwanza, kwenye jeni inayopokea amri. Kosa la kwanza linapiga kelele "kufeni", la pili limeziba masikio. Ningekuwa na la kwanza peke yake, ningezikwa nikiwa mtoto. Makosa mawili, na katikati yake nimesimama mimi.

Jumapili, 6 Aprili

Nimewaambia. Mama kwenye kochi, mdogo wangu mlangoni na Bosi mgongoni. Mdogo wangu alielewa haraka kuliko mimi. Akauliza swali moja tu: hilo la pili, mwanangu hana? Nikasema angekuwa nalo asingeumwa. Akaingia ndani. Alipotoka uso ulikuwa umeoshwa. "Sikuonei wivu, kaka. Nauliza tu kwa nini wewe." Nikampokea Bosi.

Mama alishika kikombe mpaka chai ikapoa. Watu walimsema sana wakati ule kaka zangu walipokufa. Wengine walihama upande wa barabara wakimwona anakuja. Mwishowe akauliza, la kwanza limetoka kwangu? Nikasema ndiyo, lakini hakuna aliyelichagua, hata bibi aliyemzaa hakulijua. Akatikisa kichwa. Na la pili limetoka kwa nani?

Nikasema nitauliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Mtafiti ametazama damu ya mama. Hana.

Basi limetoka kwa baba. Baba aliyeondoka baada ya kumzika mtoto wa pili, mimi nina miaka minne, mdogo wangu yumo tumboni. Alifia mbali, tukaambiwa kwa simu. Nyumbani kwetu anaitwa "yule".

Nilimkuta mama anakunja nguo. Nikamwambia. Akamaliza shati, akalikunjua, akalikunja upya.

"Kwa hiyo yule aliacha kitu."

"Aliacha, mama."

"Na hakujua."

"Hakujua."

Akakaa kitandani. Baadaye akataja jina lake. Jina lake kamili, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa miaka mingi. Sijawahi kulisikia mdomoni mwake. Nikatoka nje nikasimama tu.

Jumatano, 23 Aprili

Bosi haoni vizuri tena. Mwanga anauona, sura hazioni mpaka usogee. Leo ameniagiza nimpakie ukuta wa chumba chake. Rangi gani? Akasema kijani, lakini si cha majani, cha kulala. Nikachanganya nje, nikaleta tone kwenye kidole, akasogeza pua mpaka ikagusa. "Bado. Punguza." Nikapunguza. "Bado, mjomba, wewe fundi gani?" Mama yake alicheka mpaka akajifuta macho, na sikuuliza ni machozi ya nini.

Ijumaa, 9 Mei

Tumeitwa wote. Ipo dawa ya zamani ya ugonjwa mwingine kabisa, na inaziba masikio yaleyale yaliyozibwa kwangu. Wameiweka kwenye seli za Bosi. Mdogo wangu akatazama kwanza. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, mkono mmoja nyuma, anautafuta wangu. Nikampa. Nilipotazama mimi, kilikuwa kisahani cha mpwa wangu, na kilikuwa kijani!

 Hata Mtafiti alirudi kutazama tena, na yeye alikuwa ameshakiona tangu asubuhi.

Profesa, mkuu wa maabara, mzee mpole, akatukalisha. Kisahani si mtoto, akasema. Seli za ubongo zilizokwisha kwenda hazirudi, tunachotafuta ni kuokoa zilizobaki. Na kuna jambo lingine. Amri ile ina kazi yake. Ndiyo inayoondoa seli zilizoharibika kabla hazijageuka uvimbe. Mtoto ambaye seli zake hazisikii amri, atakua vipi? Hakuna anayejua. Akanitazama. "Isipokuwa wewe. Wewe umeishi hivyo miaka thelathini na minane."

Wanataka kunipiga picha mwili mzima, kichwa mpaka miguu. Nikiwa msafi, bila uvimbe, kamati ya hospitali inayoidhinisha dawa za majaribio itakuwa na kitu cha kushika, na Bosi ataanzishiwa dawa. Nisipokuwa... Hakumalizia. Mdogo wangu alitazama sakafu. Najua alikuwa anawaza kwamba uvimbe wangu utamnyima mwanawe dawa, kwa sababu mimi pia nilikuwa nawaza hilohilo, na sote wawili tuliona aibu.

Jumatatu, 19 Mei

Kesho. Sijawahi kuogopa mwili wangu. Nguzo amekuja kunitazama, akaleta machungwa. Akaniambia nilale vizuri, marehemu. Mama ameninyooshea shati.

Jumanne, 20 Mei

Naandika korido, nyuma ya karatasi za hospitali. Picha wamepiga. Nililala ndani ya ile mashine inagonga kama fundi bati, na badala ya kuogopa nikawaza zile seli za kijani. Zote hizo, zimejaa ndani yangu, kila moja imekataa kwa niaba yangu bila kuniuliza. Nikaziambia asante. Kwa sauti. Mpiga picha akauliza kwenye spika kama nahitaji kitu.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Walisema watatuita baada ya muda mfupi. Kisha mpiga picha akatoka akamwita Mtafiti. Sasa Mtafiti ametoka amemwita Profesa. Wamepita mbele yetu, Profesa amenisalimia, mlango umefungwa. Huenda ndivyo wanavyofanya siku zote. Kwenye kioo cha mlango naona migongo yao, wameinama kwenye skrini.

 Mdogo wangu ameniegemea begani. Mama amefumba macho, midomo inacheza.

Bosi ameamka mapajani mwangu. Anataka kwenda nyumbani. Nimemwambia bado kidogo. Tunasubiri nini? Tunasubiri wamalize kunitazama, nikasema. Wamekuona? Ndiyo, wananiona ndani kabisa. Akanipapasa kifuani, akapata kifungo kilichofunguka, akahangaika nacho kwa vidole visivyomtii. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi dogo mkononi. Bado anahangaika nacho. Kitasa cha mlango kimeshuka, lakini mtu aliyekishika bado anaongea na walio ndani, na Bosi anasema nisitikisike, karibu kifungo kinaingia...