Tuliyomwambia Baba Ukutani

Kaka yangu,

Mimi mzima, mashine za kunyolea nazo nzima. Ila timu yetu imecheza mechi sita, haijashinda hata moja. Saluni nzima ni ubishi wa kunong'ona: huyu anataka kocha afukuzwe, yule anasema subira huvuta heri. Subira gani hiyo!

Baba hatoki tena kitandani. Kati ya chumba chake na saluni kuna ukuta wa mbao tu. Baada ya kila mechi nilimwambia tumeshinda, akatabasamu na kula kidogo. Wateja nao niliwaomba washangilie kwa sauti, wakakubali.

Jana fundi viatu alishindwa kujizuia. "Mechi sita, pointi moja! Kocha mnamtetea kwa lipi?" Moto ukawaka, wote wakasahau ukuta.

Nilipoingia kwa baba, alikuwa macho. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na yale uliyosema daktari kasema, nayo ni ya hivyo hivyo?"

Nikamwambia mteja ananisubiri, nikatoka. Hakukuwa na mteja. Wote walikuwa wameshaondoka kwa aibu.

Kaka, njoo. Anasubiri jibu, na mimi uongo umeniishia.

Mdogo wako,
kinyozi