Mama Kumi na Gari la Viti Viwili

Jumatatu, 6 Oktoba

Raundi ya asubuhi ghalani. Vizimamoto sawa. Mlango wa dharura namba mbili umezibwa na maboksi ya shampuu, tena. Nimefoka mpaka wakayatoa. Halafu Hamisi. Kila siku Hamisi! Foklifti imebeba vigae, inakwenda kilomita kumi na nane kwa saa, na mwisho ni kumi. Kwenye kona hakupiga honi. Huku kwa Waarabu, eneo zima la maghala la Jebel Ali linajua sheria yangu: kila kona, honi. Onyo la tatu. Nimemnyang'anya kibali cha kuendesha.

Hakubishana. Alisema tu, "Shikamoo mama. Lakini mzigo haukutikisika."

Ni kweli haukutikisika. Hicho ndicho kilichonikera zaidi. Na hizo shikamoo za Watanzania, mimi mtu wa Nakuru hunikuta sina jibu tayari.

Kikao chake ni tarehe kumi mwezi ujao. Akishindwa, mkataba hauongezwi, anarudi Tanga kwa mkewe na watoto watatu. Watasikiliza ripoti yangu. Nimeandika: ana kiburi, hajali maisha ya wenzake. Sahihi, muhuri, khalas.

Najua wananiita Mama Kumi kwa sababu ya hizo kilomita. Waite.

Kwenye metro ya kurudi nyumbani Al Rigga, njia nzima nimetazama simuni magari ya mbio yaliyotumika. Simu nimeificha ndani ya mkoba kama mtoto anayekula darasani.

Jumatano, 8 Oktoba

Hapa hakuna anayesoma, kwa hivyo niseme ukweli. Mwezi wa nne kampuni ilitupeleka maafisa wa usalama kwenye uwanja wa mbio za magari, tufundishwe kudhibiti gari linapoteleza. Mwishoni mwalimu akanizungusha raundi moja kwa kasi. Nilipiga mayowe mwanzo mpaka mwisho. Wenzangu wakanihurumia, wakaniletea maji na kiti.

Haikuwa hofu. Nilikuwa na furaha. Nina miaka arobaini na nne na sijawahi kusikia raha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na ile ndoa yenyewe ilishaisha.

Tangu siku hiyo nataka gari langu. Viti viwili, gia za mkono, la kwenda nalo uwanjani Jumamosi moja kila mwezi. Si la kujionyesha kwa matajiri kule Marina. Ila kazini wakijua nimekwisha. Nani atamwogopa afisa wa usalama mwenye gari la kukimbia?

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeliona. Jekundu. Mwenyewe ni Bwana Seif, mzee wa Kizanzibari aliyezaliwa na wazee waliohamia hapa zamani, kanzu nyeupe pe, maneno laini.

Sikujua ukaguzi wa gari la mbio unafanywaje, nikaenda na fomu ninayoijua. Ya foklifti. Vipengele arobaini na viwili. Nilivaa riflekta na helmeti ya kazini, nikapanga koni mbili nyuma ya gari. Majirani walitoka nje kutazama.

"Bibi wewe," Bwana Seif akasema, "umekuja kununua gari au kunifunga?"

Nililala chini na tochi. Tarehe za tairi nimesoma zote nne. Breki nimezipapasa. Kapeti nimeinua kutafuta kama gari liliwahi kuunganishwa baada ya ajali. Oili haivuji. Daftari la matengenezo limejaa, mwandiko mzuri kuliko wangu. Kipengele cha kumi na saba: je, uma za kuinulia mzigo zimenyooka? Nimeandika "haihusiki". Bado nilichungulia.

Nimemuuliza kwa nini analiuza. Mgongo, akasema. Kuingia anaingia vizuri. Kutoka mpaka aite watu wawili.

Alipowasha injini nilitabasamu kama mtoto. Nimeaibika. Nikajifanya nakagua bampa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Limepita kipimo. Limeandikishwa kwa jina langu. LANGU.

Nimeliegesha mitaa miwili kutoka nyumbani. Asubuhi nimeamka mapema, nikalifuta vumbi, nikalikalia dakika kumi bila kuliwasha, halafu nikashuka nikaenda kupanda metro. Mtu mzima, mwenye akili zake. Wueh.

Jumamosi, 18 Oktoba

Akinyi ameona ufunguo. Tunaishi chumba kimoja mwaka wa sita, na yeye ni mhudumu wa mkahawa, macho yake huona sahani iliyokwisha akiwa mita hamsini. Akapiga vigelegele. Kabla sijasema neno alishatangaza kwenye grupu la kanisa: Rhoda amenunua gari, sifa kwa Bwana!

Sasa hapa ndipo penye shida. Sisi Wakenya wa huku, gari la mmoja ni gari la ushirika. Kupokea wageni ni gari. Chakula cha ibada, gari. Akinyi alishapanga nani atakaa dirishani. Tukatembea kwenda kuliona. Alilizunguka mara mbili, akitafuta milango mingine.

"Viti viwili?"

Ndiyo.

"Na wewe si ndiye dereva?"

Ndiyo.

"Kwa hivyo ni la mtu mmoja." Akachungulia tena nyuma ya viti. Halafu kwa sauti ya msiba: "Aki Rhoda, umenunua gari la mtu mmoja."

Jumapili, 19 Oktoba

Wamepata njia ya kulitumia. Sufuria ya pilau ya watu arobaini imekaa kiti cha abiria. Gari likalia pi pi pi mpaka nikaifunga mkanda. Nimeendesha pole kuliko siku zote, nikiomba taa zote ziwe kijani. Nimenuka pilau mpaka kwenye nywele.

Baada ya ibada walilizunguka kulibariki. Pasta akaweka mkono juu ya bonneti, akauondoa haraka maana jua lilikuwa limelichoma. Akamwomba Mungu anipe gari kubwa zaidi. Wote wakasema amina. Mimi sikusema.

Angalau hakuna mtu wa kazini kwetu anayesali pale.

Jumanne, 28 Oktoba

Hamisi amewekwa kufunga mizigo kwa plastiki. Mikono yake imechubuka. Kila asubuhi, "Shikamoo mama." Kila asubuhi mimi, "Ee, eeh, marahaba." Kama angenuna ningefurahi.

Leo alisimama akitazama foklifti yake ikiendeshwa na mwingine. Kijana huyo aligonga rafu mara mbili kabla ya chai. Kwa kilomita sita kwa saa. Nimeandika ripoti hiyo pia.

Nimejiandikisha kwenda uwanjani tarehe nane.

Ijumaa, 7 Novemba

Maji ya breki mapya. Upepo wa tairi nimepima mara tatu. Helmeti ya kuendeshea, mpya, inanibana masikio. Nimejaribu kulala mchana, wapi! Nimeshuka kulifuta gari vumbi tena. Akinyi anadhani nina mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike taratibu. Yote, kuanzia mwanzo.

Nimefika wa kwanza. Wamekuja wengine, vijana wengi, magari yenye mabawa nyuma. Tukaelezwa bendera. Ya bluu, mpishe aliye nyuma yako. Nyeusi, toka njiani, umekosa. Nikaandika yote kwenye kitabu. Hakuna mwingine aliyeandika.

Nikaingia. Kona ya kwanza, mkono wenyewe ukaenda kwenye honi. Piiip. Miaka kumi na moja ya ghala, mwili haujui jingine. Na indiketa nikawasha. Kona ya pili, piiip. Ya tatu, piiip. Nilipokuwa nafikiri naruka, spidomita ilisema arobaini na tano. Nyuma yangu msafara. Bendera ya bluu. Bluu. Bluu. Nikawapisha wote, kwa kuwapungia mkono, na honi.

Raundi ya pili, nyeusi.

Nikatoka. Mshika bendera akaja, ovaroli ya rangi ya machungwa, kofia imeshuka usoni, ubao wa fomu mkononi. Akainama dirishani.

"Shikamoo mama."

Hamisi. Haki ya Mungu, Hamisi. Nilitafuta mahali pa kujificha ndani ya gari ambalo halina hata kiti cha nyuma.

Kumbe anajitolea pale Jumamosi, mwaka wa tatu sasa. Kusimama juani, kupunga bendera, kukimbilia gari likipinduka. Hakucheka. Ningemsamehe kama angecheka. Akajaza fomu polepole, mbele yangu, kama ninavyojaza mimi. Kosa: mwendo. Nikasoma kichwa chini miguu juu: "Mwendo wa hatari. Polepole mno. Honi isiyo ya lazima, kila kona." Akaniomba sahihi. Nikasaini.

Halafu akachuchumaa, akaniambia kwa upole mambo matatu. Nisitazame pua ya gari, nitazame ninakotaka kwenda. Breki nishike kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Na honi niiache. "Huku hatoki mtu nyuma ya rafu, mama."

Kipindi cha pili nikarudi. Kona ya kwanza nilibana mikono yote kwenye usukani ili isikimbilie honi. Ya pili nikatazama mbali. Ya tatu, ee Mungu wangu, gari likageuka lenyewe kama lilikuwa linanisubiri niache kulisumbua. Nikapiga mayowe. Raundi sita. Nimempita mtu! Mmoja, na gari lake lilikuwa na kasoro, lakini nimempita.

Wakati wa kuondoka alikuja kufungua geti. Akasema, "Jumatatu sitasema kitu, mama. Usijali." Hakuomba chochote.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Akinyi mgongo. Sufuria imekwenda na teksi.

Nimekasirika. Angenitisha ningejua la kufanya. Angesema, "Nisaidie nami ninyamaze," ningemwandikia onyo la nne pale pale. Badala yake ananitunzia siri, bure, na kesho nitakaa mezani nimsomee kwamba ana kiburi.

Nimepima kila upande. Je, alikosa? Alikosa. Ghalani watu wanatoka nyuma ya rafu na vikombe vya chai. Kumi na nane ni kumi na nane. Hapo silegezi, hata angekuwa ndugu yangu. Lakini hajali maisha ya wenzake? Mtu anayesimama juani siku yake ya mapumziko ili wengine wasife? Hilo niliandika kwa hasira kwa sababu mzigo haukutikisika. Nilidanganya, nikapiga na muhuri.

Kulifuta lazima niseme nimejuaje. Kusema nimejuaje, lazima niseme nilikuwa wapi. Na nilitolewa kwa nini.

Chai imepoa mara mbili.

Jumatatu, 10 Novemba

Chumba cha mikutano. Meneja, mtu wa ofisi ya wafanyakazi, masupavaiza wanne. Hamisi mwisho wa meza, shati limepigwa pasi mpaka likasimama.

Meneja akasema, yalla Rhoda, soma. Nikasoma la mwendo. Nikasema libaki, ni kosa. Hamisi akainamisha kichwa. Nikafika kwenye kiburi, nikaweka karatasi mezani. Nikasema, sir, sentensi hii si kweli, nataka kuifuta.

Kwa nini? Nikawaambia. Uwanja. Bendera. Ovaroli. Meneja akauliza, na wewe huko ulikuwa ukifanya nini? Hamisi akatikisa kichwa akiniashiria nisiseme. Nikasema. Nina gari la mbio, sir. Jekundu. Nilipewa bendera nyeusi.

Kwa mwendo kasi?

Nikasema hapana. Kwa kwenda polepole. Na honi.

Meneja akaweka kalamu mezani. Halafu supavaiza mmoja akakohoa, yule wa pili akaweka paji la uso mezani, na meneja, ambaye sijawahi kuona meno yake, akacheka mpaka akavua miwani. Walicheka wote. Nilisimama pale masikio yanawaka, nimemchukia kila mmoja wao. Hamisi peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama, machozi yamemlengalenga, yule mpumbavu.

Uamuzi: wiki mbili zaidi kwenye plastiki, kisha mtihani upya. Akipita, anapewa kibali na mkataba. Mtahini ni mimi.

Kufikia saa ya chakula ghala zima lilikuwa na habari. Kila nilipopita kona, mtu fulani nyuma ya rafu: piiip. Kwa mdomo. Siku nzima. Nimewaandika saba kwa kelele zisizo za lazima.

Jumanne, 25 Novemba

Mtihani wa Hamisi. Vigae, njia ndefu, kona nne. Nilitembea nyuma yake na kipima mwendo. Tisa. Tisa. Kumi. Tisa. Honi kila kona. Ilimuuma, niliona mabega yake. Akashusha mzigo taratibu, akazima, akashuka, akasubiri mikono nyuma.

Nikasaini kibali palepale juu ya vigae. Akakipokea kwa mikono miwili.

Akasogea pembeni, akatoa simu. Mkewe akapokea haraka, lazima alikuwa ameishika. Hamisi akasema, "Nimebaki." Alisimama amegeukia ukuta, simu sikioni, na upande wa pili mwanamke anaita, haloo, haloo, Hamisi, rudia.

Nilikwenda kuhesabu vizimamoto ili asijue nasikia. Viko sita. Nimevihesabu mara mbili.